Shangazi Kati ya Waliotutangulia

Nilikuwa nimembana mteja kichwa katikati ya magoti, nusu nimeshamsuka, nusu nywele bado zimesimama, ndipo mama muuza mkaa alipoingia saluni kwangu bila hata hodi. Kajifunga kitambaa cheusi kichwani, machozi yanamchuruzika. Akanishika bega.

"Pole, mwanangu. Pole sana na msiba."

"Msiba gani?"

"Wa shangazi yako, Mama Pazia. Mungu wangu, kumbe hata wewe hujaambiwa!"

Chanuo likaniponyoka. Shangazi yangu? Asubuhi ile ile nilikuwa nimempelekea chai barazani kwake, akaonja, akaniuliza kama majani nimeyatia au nimeyaonyesha tu kwa mbali. Mtu mwenye ulimi wa namna hiyo anakufaje kabla ya mchana? Nilitoka mbio, kiatu kimoja mguuni, mteja nyuma yangu akilalamika, "Dada, na kichwa changu je?" Kichwa chake! Mimi nafiwa, yeye ananiuliza habari za kichwa.

Sikwenda nyumbani kwake. Kesho yake ilikuwa tamasha la kikundi chetu cha nyimbo na maigizo, na siku kama hiyo shangazi haonekani kwingine ila ukumbini, anatundika pazia jipya. Nikausukuma mlango wa uani, nikapanda jukwaani, nikalifunua pazia. Alikuwa juu ya ngazi, pini mdomoni, anavisha pete za pazia kwenye waya moja moja, mzima wa afya.

"Umefukuzwa na mbwa?" akaniuliza huku pini zikichezacheza midomoni.

"Shangazi! Uko hai?"

"Kwa chai yako ile? Ni rehema tu."

Nilikaa sakafuni nikalia. Sikujali vumbi wala nini. Mama muuza mkaa akaingia akihema, akainua macho, akamwona marehemu juu ya ngazi. Yowe alilolipiga sijapata kulisikia tena. Akageuka kukimbia, akavikumba viti vya plastiki vilivyopangwa kwa ajili ya kesho, safu nzima ikalala chini.

"Na huyu kapatwa na nini?" shangazi akauliza.

"Kasikia umekufa."

"Nani kasema?"

"Ukuta," muuza mkaa akajibu kutoka mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje. "Ukuta umeandikwa. Nendeni mkaone wenyewe."

Tukatoka. Ukuta wa ukumbi unaotazama barabara ulikuwa umepakwa rangi mpya ya samawati kuanzia chini mpaka kwenye bati. Juu yake nyuso tatu kubwa, kila moja ndani ya duara la mawingu, na chini ya kila uso mshumaa unaowaka. Wa kwanza mzee mpiga ngoma, Mungu amrehemu. Wa pili mwalimu aliyekuwa akitutungia michezo, naye Mungu amrehemu. Wa tatu shangazi yangu. Na maandishi makubwa kabisa: KWA HESHIMA YA WALIOTUTANGULIA. PUMZIKENI KWA AMANI.

Nilimtazama shangazi aliye ukutani, nikamtazama aliyesimama kando yangu na utepe wa kupimia shingoni. Watu walikuwa wamejaa barabarani, na walipomwona wakatupisha kimya kimya, hakuna aliyetaka kuguswa naye. Muuza samaki mmoja akaacha beseni lake palepale akaondoka.

Shangazi akajikaza, akasogea karibu, akachunguza uso wake mwenyewe kwa muda.

"Pua si yangu," akasema. "Hii kanipa ya marehemu mwalimu."

Mchoraji alikuwa bado pale anaosha brashi. Sisi twamwita Brashi, si mtu wa mtaa wetu, na kazi yake ya kila siku, msije mkacheka, ni kuandika majina kwenye mawe ya makaburi. Mwenyekiti wetu, fundi redio, mtu wa maneno makubwa makubwa, alikuwa keshafika na anamkaba kwa maswali.

"Nani kakwambia huyu mama amekufa?"

"Wewe hapo! Umenipigia simu, umeniambia, 'Tuchoree pale waliotutangulia, watatu hawa, picha zao nakutumia.' Si maneno yako?"

"Waliotutangulia kukianzisha kikundi, bwana!"

"Sasa ungemalizia! Mtu akiniambia waliotutangulia, mimi nijue wametangulia wapi, sokoni?"

"Ala! Watu si huwa wanasema hivyo?"

"Wanasema makaburini, mwenyekiti. Na ndiko ninakoshinda mimi. Ungesema waasisi."

"Nani mtaa huu anasema waasisi?"

Kusema kweli hapo Brashi alikuwa na haki. Wawili kati ya watatu ni marehemu wa kweli, angemshuku vipi huyo wa tatu? Lakini mimi sikuwa na moyo wa haki siku ile. Nilimporomoshea maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, na mwenyekiti nikampa fungu lake, mpaka shangazi akanivuta kwa kanga niache kumwaga radhi mbele za watu.

Labda niseme kidogo huyu shangazi ni nani, mjue kwa nini mtaa mzima ulitetemeka.

Ni mshonaji. Sare za shule zote za jirani zimepita chini ya sindano yake. Mama yake alifariki mdogo wake wa kike akiwa bado wa kubebwa, basi shangazi, naye msichana tu, akambeba. Baba yangu, kaka yao, alikuwa safarini kutafuta kazi, hivyo aliyelea ni yeye. Kumlisha, kumwogesha, kumpeleka shule, kumsonya. Mtoto yule akatoka na sauti. Sauti gani, jamani! Akiimba akifua, majirani walikuwa wanazima redio. Ndiyo maana jina la Zumari likamganda mpaka leo.

Kikundi chetu kilianza kwa ajili ya sauti hiyo. Shangazi alitoa kitanda nje ya chumba chake, akamwita yule mzee wa ngoma, akamwita mwalimu, wakaanza kufanya mazoezi humo, watu wakisikiliza dirishani. Walipopewa ukumbi huu, ambao ulikuwa ghala la mtu, shangazi aliunga magunia ya unga, akayatia rangi, likawa pazia la kwanza. Hapo ndipo akaitwa Mama Pazia. Jina la heshima lile. Yeye mwenyewe jukwaani hakupanda hata siku moja. Alikaa pembeni na kamba yake, nyimbo zote anazijua kuliko wanaoziimba, midomo inakwenda bila sauti.

Kisha jina likageuka tusi. Usiku wa onyesho letu kubwa la kwanza, ukumbi umefurika, wageni wa heshima viti vya mbele, Zumari akaanza wimbo wake. Ubeti wa kwanza, watu wanafuta machozi. Anaingia wa pili, pazia likashuka. Pu! Limemwangukia usoni katikati ya wimbo. Watu wakacheka, wageni wakanyanyuka, basi, onyesho likaishia hapo.

Shangazi alisema kamba ilikatika. Nani akamwamini? Mtaani hapakosi wachambuzi. Wakasema ni wivu: kamlea, kamtoa, sasa anamwona anang'aa kumshinda, roho ikamuuma. Zumari mwenyewe akalishika hilo neno. Shangazi alipomwendea, alimjibu mlangoni, mbele ya wapangaji wote, "Kwako sikanyagi tena mpaka siku ya kukuzika." Akahamia upande wa pili wa mji, akabadilisha namba ya simu. Baba yangu alikwenda kuwasuluhisha, akarudi na kikombe cha chai tumboni tu. Tangu hapo watoto waliokuwa wananyonya wamefuga ndevu, na dada hao hawajasemeshana. Kila tamasha shangazi humtumia mtu wa kumwalika. Kila tamasha jibu ni lile lile.

Sasa turudi ukutani. Nilidhani shangazi atadai uso wake ufutwe papo hapo. Brashi alikwishachovya brashi kwenye rangi ya samawati. Lakini msichana mmoja akaonyesha simu yake, akasema picha ya ukuta imeshaenea, mji mzima unatoa pole. Mara nikamwona shangazi amebadilika uso.

"Na upande ule imefika?" akauliza.

"Itakuwa imefika, mama. Imefika kila mahali."

Akamwambia Brashi, "Weka brashi chini. Iache mpaka jioni."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Iachwe? Shangazi, ukae umekufa mpaka jioni?"

"Nimekufa kwa makosa ya mwenyekiti. Si mimi niliyejiua."

"Toba! Unataka kupima nani atakulilia?"

"Si watu wote," akasema. "Mmoja tu."

Akakunja utepe wake, akaufungua, akaukunja tena. Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Na asipokuja?"

Ni kweli, mtu akikataa mwaliko unasema ana hasira, zitapoa. Akikataa maziko yako, unabaki na nini cha kusubiri? Nilimwogopea. Nilitamani nichukue rangi ile niifute picha mwenyewe kabla hajapata jibu.

Tukarudi nyuma ya pazia. Yeye akapanda ngazi, mimi nikawa nampa pete. Mchana wote watu wanakuja. Wazee wa kikundi cha mtaa wa pili walileta shada la maua, likapokewa na mwenyekiti kwa aibu, hajui aliweke wapi, akaliegemeza kwenye spika. Kila mlango ukilia, shangazi alikuwa anaacha mkono hewani, pete kidoleni, anasikiliza. Akisikia si yeye, anaendelea. Sikuwahi kuona mtu mkubwa anateseka namna ile bila kusema neno. Moyoni nilimlaani Zumari kwa laana zote ninazozijua, ingawa naye ni shangazi yangu.

Jua limeshaanza kuteremka ndipo tuliposikia kilio barabarani. Kilitokea mbali, kikakaribia, na kabla sijajua ni cha nani shangazi alikuwa ameshaitambua sauti ile. Aliushika ule waya kwa mikono miwili.

Zumari aliingia ukumbini kashikwa na wanawake wawili. Nilichungulia kwenye upenyo wa pazia. Mungu wangu, amezeeka! Nywele nyeupe zinachungulia chini ya kitambaa, ndala zimetofautiana, moja nyekundu moja ya kijani.

"Mwili uko wapi?" akauliza. "Nionyesheni. Nimekuja kumsitiri dada yangu."

Waliokuwa wanapanga viti wakatazamana. Mwenyekiti akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuna neno lililotoka. Nami nikageuka kutaka kutoka nimwambie yule mama asijitese, lakini shangazi alinishika mkono. Kunishika kule kulikuwa na nguvu, alama zilibaki.

Zumari akaja mpaka chini ya jukwaa, akalitazama pazia, akapiga magoti pale pale. Alianza kulia kama wanavyolia watu, dada yangu, mama yangu, umeniachia nani. Hayo tumeyazoea misibani. Halafu akasema jambo.

"Dada, nilisahau wimbo."

Aliyekuwa amebeba kiti akakiweka chini.

"Nilisahau! Ubeti wa pili uliniruka wote, sikuwa na neno hata moja kinywani. Niligeuka nikakutazama pembeni pale, ukaniona macho yangu. Nilikuona unafungua kamba kwa mkono wako. Ulinisitiri, dada, mimi nikakupaka matope. Watu waliposema ni wivu, nikaona afadhali waseme hivyo kuliko waseme Zumari kasahau. Na wewe ukazidi kuwaambia kamba ilikatika, kamba ilikatika, ukanibebea mpaka kaburini!"

Kumbe! Nilimgeukia shangazi, nusu nimkumbatie, nusu nimpige. Miaka yote hiyo matusi, miaka yote wateja wanamsengenya vibarazani, na alikuwa na jibu la kuwafunga midomo wote! Hata mimi hakuniambia. Hata baba yangu, kaka yake wa damu. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye pini alizozishika kwa midomo.

Akazitema pini kiganjani. Akateremka ngazi, taratibu, akalifunua pazia akatokea.

Siwezi kueleza vizuri kilichofuata. Wale wanawake wawili waliruka dirishani, dirisha lenyewe dogo, mpaka leo sijui walipitaje. Mtu alianguka. Mwenyekiti alikuwa anapiga kelele, "Ni mzima! Ni makosa ya lugha! Ni mzima!" Zumari hakukimbia. Alibaki pale pale magotini, mdomo wazi, rangi imemtoka, anamtazama dada yake kuanzia miguuni.

Watu walipotulia, wote walikuwa wanamtazama Mama Pazia. Walikuwa wamesikia kila neno. Wachambuzi wale wale, wengine wameinamisha vichwa tayari. Nikasema kimoyomoyo, haya, shangazi, siku yako imefika, waambie!

Shangazi akawatazama mmoja mmoja.

"Mnamsikiliza nini?" akasema kwa sauti ya kufika mlangoni. "Mtu yuko katika uchungu, anaropoka. Hakusahau kitu huyu. Kamba ilikatika."

"Shangazi!" Lilinitoka kwa ukali.

"Na wewe nyamaza. Wewe ulikuwepo jukwaani? Kamba ilikatika, ilikuwa kuukuu. Rudini kwenye viti vyenu, kesho kuna watu hapa."

Wallahi nilitaka kulia kwa hasira. Haki yake imeletwa mpaka mlangoni, imepigiwa magoti, naye anairudisha! Nani atamwamini Zumari tena sasa? Tayari nilimsikia mmoja pale nyuma akisema, "Maskini, kapagawa kwa msiba." Wakaanza kuokota viti.

Shangazi akamshika mdogo wake mkono, akamwinua, akampandisha jukwaani, wakaingia nyuma ya pazia. Nilipotaka kuwafuata alinizuia kwa jicho. Basi nikabaki upande wa watu, mgongo wangu umeligusa pazia, na pazia halizuii sauti.

Kisha shangazi akasema, na sasa haikuwa ile sauti ya mbele za watu.

"Kwa hiyo ulikuwa unangoja nife."

"Dada..."

"Nikutumie watu kila mwaka, uwafukuze. Niumwe, usije. Kumbe maneno unayo, mazuri, yamekaa tayari, yanangoja maiti! Kwa nini hukuja kuniambia nikiwa nasikia?"

Zumari akalia kidogo. Halafu akajibu.

"Niliogopa utanisamehe."

"Nini?"

"Ungenisamehe siku ile ile, dada. Nakujua. Ungenipikia na chakula. Ningeuweka wapi uso wangu?"

Nikasikia kofi. Jamani, shangazi yangu, ambaye hakuwahi kuinua mkono kwa mtu! Kofi la nguvu, lililia ukumbi mzima, waliobeba viti wakasimama navyo hewani. Na mara baada yake kikatoka kilio, si cha mmoja, cha wote wawili pamoja, kilio kibaya, kinachotoka tumboni, na pazia likaanza kutikisika kana kwamba wanalishikilia wasianguke.

Mwenyekiti alinijia mbio, shada la maua mkononi, akaniuliza huko ndani kuna nini, aingie awaamue?

"Usithubutu," nikamwambia. "Watu wako msibani."